Sura ya 5: Kuchagua Vifaa vya Kompyuta ya Gemu kwa Kuangalia Miaka Ijayo

Kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu huundwa kwa vifaa vinane: bodi mama (mafundi wengi huiita madabodi), prosesa, kipozeo chake, RAM, kadi ya grafiki, diski, pawa saplai na kasha. Kila kimoja huuzwa peke yake na huweza kubadilishwa peke yake, lakini havizeeki kwa mwendo mmoja. Kadi ya grafiki inayotamba leo huanza kuelemewa na gemu mpya baada ya miaka minne au mitano. Pawa saplai nzuri hutoka kiwandani na dhamana ya miaka 7 hadi 10. Kasha la chuma halina cha kuchakaa isipokuwa feni zake.

Kutokana na tofauti hiyo, vifaa, ukiacha kipozeo, hugawanyika makundi mawili. Bodi mama, pawa saplai na kasha ni vifaa vya kubaki: ndivyo vinavyoamua vingine viwe vya aina gani, vya ukubwa gani na vya kutumia umeme kiasi gani. Prosesa, RAM, diski na kadi ya grafiki ni vifaa vya kupokezana: vinaweza kuanza vya wastani na kupisha vyenye nguvu zaidi baadaye. Watu wengi Afrika Mashariki hujenga nyumba kwa mpango huohuo: msingi na nguzo huwekwa kwa kipimo cha ghorofa zinazokusudiwa, na vyumba humaliziwa kadiri fedha inavyopatikana. Anayebana matumizi kwenye vifaa vya kubaki hulipa mara mbili, kwa sababu siku ya kuongeza nguvu hulazimika kung'oa hata visivyoharibika.

Soketi

Soketi ni mahali prosesa inapokaa kwenye bodi mama. Prosesa ya soketi moja haiwezi kutumika kwenye nyingine, na hata pale umbo linapolingana, chipseti (chipu kuu ya bodi) na BIOS (programu ya kuiwashia bodi) huweza kuikataa. Huu ndio uamuzi wa kwanza katika ununuzi, na historia ya karibuni inaonyesha uzito wake.

Mwaka 2017 mnunuzi alikuwa na njia mbili kuu. Intel iliuza Core i7-7700K, yenye viini vinne, kwa bodi za soketi ya LGA1151. AMD ilikuwa imeingiza sokoni Ryzen za kwanza kwa soketi ya AM4, mojawapo ikiwa Ryzen 5 1600 yenye viini sita. Katika gemu nyingi za wakati ule 7700K ilitoa fremu nyingi zaidi, na aliyeichagua alikuwa na sababu ya kuridhika. Lakini Oktoba mwaka huohuo Intel ilitoa Core za kizazi cha 8, na ingawa soketi yake iliitwa LGA1151 vilevile, zilidai bodi mpya zenye chipseti za mfululizo wa 300. Bodi iliyobeba 7700K ikawa imefika mwisho wa safari yake, kwa kuwa haikubaki prosesa ya gemu iliyo bora zaidi ambayo bodi hiyo ingeipokea.

Upande wa AM4 mambo yalikwenda vingine. AMD ilitoa Ryzen 2000, 3000 na 5000 kwa soketi ileile. Aprili 2022 ikatoa Ryzen 7 5800X3D, yenye viini vinane na megabaiti 96 za kashe ya L3, ambayo ilikuwa miongoni mwa prosesa bora kabisa za gemu mwaka ule. Mwaka huohuo watengenezaji wa bodi walitoa BIOS zilizowezesha bodi nyingi za mwaka 2017, kama zile za chipseti ya B350, kuipokea. Aliyenunua Ryzen 5 1600 aliweza kuitoa, akaweka 5800X3D, na kubaki na bodi, RAM, pawa saplai na kasha alivyokuwa navyo.

Pengo kati ya wanunuzi hawa wawili liliongezeka kwa sababu ambayo hakuna aliyeifikiria siku ya kununua. Windows 11, iliyotolewa 2021, inahitaji Core za kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea, isipokuwa chache sana, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa zote mbili za 2017 ziliachwa nje ya orodha. Mwenye AM4 alihitaji prosesa mpya tu. Mwenye 7700K alihitaji prosesa pamoja na bodi.

Kwa anayenunua sasa, AM5 ya AMD ndiyo mrithi wa AM4. Ilianza Septemba 2022 na Ryzen 7000, ikapokea Ryzen 9000 mwaka 2024, na AMD imetangaza kuiendeleza hadi angalau 2027. Intel ilitumia LGA1700 kwa Core za kizazi cha 12, 13 na 14 kati ya 2021 na 2023, kisha Oktoba 2024 ikahamia LGA1851 kwa Core Ultra 200S. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kujua mambo matatu: soketi ilianza mwaka gani, mtengenezaji ameahidi nini kuhusu umri wake, na prosesa ya juu kabisa ambayo soketi hiyo huipokea ni ipi. Soketi iliyofungwa, yaani isiyotolewa tena prosesa mpya, si kosa ikiwa bei yake imeshuka na prosesa yenye nguvu inanunuliwa tangu mwanzo. Kosa ni kununua prosesa dhaifu kwenye soketi iliyofungwa kwa matumaini ya kuiboresha, halafu kukuta toleo la juu halipatikani tena isipokuwa kwa bei kubwa kwenye soko la mitumba.

Bodi mama

Baada ya soketi huja bodi yenyewe. Bodi ya bei ya chini kabisa huweza kuwasha prosesa ya leo bila taabu, lakini vidhibiti vyake vya umeme vikaelemewa na prosesa ya viini 12 au 16 ya kesho. Vidhibiti hivyo hukaa kando ya soketi, na bodi inayofaa kwa miaka mingi huvifunika kwa mabamba ya chuma ya kupozea. Kwenye AM5, bodi za B650 au B850 za daraja la kati humtosha mchezaji wa kawaida. Gharama ya ziada ya X670E au X870E huenda zaidi kwenye milango ya USB na nafasi za diski kuliko kwenye kasi ya gemu.

Mambo ya kuhesabu kwenye bodi ni machache. Sloti nne za RAM huacha nafasi ya kuongeza kuliko mbili, ingawa kwenye DDR5 kuzijaza zote huweza kushusha kasi, kama sehemu ya RAM inavyoeleza. Nafasi mbili za diski za M.2 ni kiwango cha chini, na tatu ni raha, ingawa kwenye baadhi ya bodi kutumia nafasi ya pili au ya tatu huzima milango fulani ya SATA, jambo linaloandikwa kwenye kijitabu cha bodi. Sifa nyingine yenye thamani kubwa kuliko bei yake ni kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila kuwapo prosesa. Bodi iliyokaa dukani mwaka mzima huweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoitambua prosesa mpya, na bila kitufe hicho mnunuzi hulazimika kuazima prosesa ya zamani ili aisasishe.

Kazi ya kusasisha BIOS haitaki umeme ukatike katikati, kwa sababu bodi huweza kufa papo hapo. Mahali ambapo umeme hukatika ovyo, UPS huhitajika kabla ya kazi hiyo kuanza.

Prosesa

Gemu kubwa za miaka hii huundwa kwanza kwa ajili ya PlayStation 5 na Xbox Series X, mashine zilizotoka Novemba 2020, kila moja ikiwa na prosesa ya AMD yenye viini vinane vya muundo wa Zen 2. Hicho ndicho kipimo ambacho waundaji wa gemu hukifikiria. Prosesa mpya ya viini sita, kwa kuwa kila kiini chake kina kasi kuliko vya Zen 2, huendesha gemu hizo vizuri na ni mahali pazuri pa kuanzia. Viini vinane huongeza umri. Zaidi ya hapo, gemu hunufaika kidogo sana, isipokuwa mwenye kompyuta anahariri video au kufanya kazi nyingine nzito.

Kwenye AM5, Ryzen 5 ya viini sita huacha njia wazi ya kuhamia Ryzen 7 7800X3D ya 2023, Ryzen 7 9800X3D ya 2024, au nyingine zitakazofuata kwenye soketi hiyo. Prosesa zenye alama ya X3D zina kashe kubwa iliyopangwa kwa tabaka, na gemu hupenda kashe kuliko karibu kitu kingine chochote ndani ya prosesa.

RAM

DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la katikati limewekwa mahali tofauti, hivyo moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. AM5 na LGA1851 hukubali DDR5 pekee. LGA1700 ina bodi za aina zote mbili, na karibu kila bodi hukubali aina moja tu.

Mazoea ya zamani ya kununua kidogo na kuongeza baadaye yamepungua faida kwenye DDR5. Prosesa husoma RAM kwa njia mbili sambamba, kwa hiyo vijiti viwili ni lazima kwa kasi nzuri. Vijiti vinne huzaa tatizo jipya. Kwenye Ryzen 9000, kasi rasmi ya vijiti viwili ni 5600, na ya vijiti vinne hushuka hadi 3600. Wengi hufaulu kupita viwango hivyo, lakini hakuna hakikisho, hasa pale vijiti vya zamani vinapochanganywa na vipya vya chapa au toleo jingine. Ndiyo maana vijiti viwili vya GB 16, jumla GB 32, vilivyonunuliwa pamoja katika pakiti moja, ni chaguo salama kuliko viwili vya GB 8 vitakavyosubiri wenzao.

Baada ya kuunganisha, mpangilio wa EXPO au XMP hupaswa kuwashwa kwenye BIOS, la sivyo RAM ya kasi ya 6000 itafanya kazi kwa kasi ya chini kuliko iliyolipiwa. Vilevile si kweli kwamba kila kifaa hushuka bei kikisubiriwa. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilinunua chipu kwa wingi, na walioahirisha kununua RAM ya kutosha waliikuta ghali kuliko mwanzo.

Kadi ya grafiki na skrini

Kadi ya grafiki ndiyo inayobeba kazi kubwa ya gemu na ndiyo inayobadilishwa mara nyingi zaidi. Ukubwa wa kazi hiyo huamuliwa na skrini. Skrini ya 1080p ina nukta zipatazo milioni 2.1, ya 1440p ina milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne ya ile ya kwanza. Anayechezea skrini ya 1080p hana haja ya kadi ya 4K, na anayepanga kuhamia 1440p mwaka unaofuata ni bora anunue kadi wakati huohuo wa kununua skrini.

Kinachozeesha kadi mapema kuliko vyote ni upungufu wa kumbukumbu yake yenyewe. Mwaka 2016 GTX 1060 iliuzwa kwa matoleo ya GB 3 na GB 6, na lile la GB 3 lilichoka mapema ingawa siku ya kununuliwa tofauti ya kasi ilikuwa ndogo. Mwaka 2020 RTX 3070 ilitoka na GB 8, na miaka michache baadaye gemu kadhaa zilianza kuzijaza GB hizo kwa picha za ubora wa juu. Kadi iliyojaa hugugumia na kukwamakwama hata kama chipu yake ina nguvu. Kwa kompyuta inayokusudiwa kudumu, GB 12 ni kiwango cha kuridhisha na GB 16 ni akiba nzuri. GB 8 inafaa kwa 1080p na kwa mtu aliye tayari kushusha ubora wa picha.

Uwezo wa kufuatisha miale ya mwanga nao si pambo tena. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hazikubali kadi isiyo na uwezo huo kabisa. Kadi za mtumba za zamani, kama GTX 1080 Ti, bado zinaendesha gemu nyingi, lakini mlango wa gemu mpya umeanza kufungwa mbele yao.

Kadi huwasiliana na bodi kupitia njia za PCIe. Kila toleo hukubali kadi za matoleo mengine, na kila toleo jipya huongeza kasi maradufu: njia 16 za toleo la 3.0 hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde, za 4.0 GB 32, na za 5.0 GB 64. Kadi nyingi za bei nafuu hutumia njia pungufu. RTX 4060 hutumia nane, na RX 6500 XT ya 2022 hutumia nne tu. Kwenye bodi ya PCIe 3.0, kadi ya njia nne hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Anayeiongezea nguvu kompyuta ya zamani ni bora achague kadi inayotumia njia zote 16.

Diski

Diski ndiyo rahisi kuongeza kuliko vifaa vyote, kwa hiyo haihitaji kununuliwa kubwa siku ya kwanza. Kinachohitajika ni aina sahihi. SSD ya SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde. Ya NVMe ya PCIe 3.0 hufika karibu MB 3,500, na ya PCIe 4.0 karibu MB 7,000. Starfield ya 2023 inadai SSD kama sharti. Baldur's Gate 3 ya mwaka huohuo huchukua GB 150 peke yake, hivyo diski ya GB 500 hujaa kwa gemu chache. NVMe ya TB 1 ya PCIe 4.0 kwenye nafasi ya kwanza ya M.2, na nafasi ya pili ikiachwa wazi, ni mwanzo mzuri. Diski za PCIe 5.0 ni ghali, hupata joto sana, na gemu bado hazionyeshi tofauti inayostahili bei hiyo.

Pawa saplai

Pawa saplai haiongezi hata fremu moja, na kwa sababu hiyo hupunjwa. Hata hivyo kadi ya kesho huamuliwa nayo. GTX 1060 ilihitaji wati 120. RTX 3080 ya 2020 ilihitaji 320, RTX 4090 ya 2022 ikahitaji 450, na RTX 5090 ya 2025 inahitaji 575. Zipo pia kadi zinazokwenda taratibu, kama RTX 4060 yenye wati 115, lakini aliyenunua pawa saplai ya wati 450 amekwisha kujifungia kadi nyingi za daraja la kati na la juu. Kwa kompyuta ya kawaida ya gemu, wati 750 huacha nafasi ya kutosha, na 850 hufaa kwa anayelenga kadi kubwa.

Wati si kipimo pekee. Kadi za sasa huvuta umeme kwa mishtuko ya ghafla inayopita kiwango chao kilichoandikwa, na kiwango cha ATX 3.0 cha 2022 pamoja na ATX 3.1 kilichofuata huitaka pawa saplai istahimili mshtuko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Viwango hivyo huja pia na plagi mpya ya pini 16 inayobeba hadi wati 600. Plagi hiyo lazima isukumwe hadi mwisho, kwa sababu iliyoingia nusu huweza kuyeyuka. Alama ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, hueleza ufanisi wa kugeuza umeme na haielezi ubora wa kinga za ndani. Chapa yenye sifa na dhamana ndefu ina uzito kuliko rangi ya alama.

Jambo moja huua vifaa wakati wa kuboresha: nyaya zinazochomoka za pawa saplai moja hazipaswi kutumiwa kwenye nyingine, hata kama plagi zinaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya chapa na chapa, na hata kati ya modeli za chapa moja, na diski huweza kuungua mara tu umeme unapowashwa. Pawa saplai ikibadilishwa, nyaya zote hubadilishwa pamoja nayo.

Kasha na upozaji

Kasha linalopokea bodi ya ATX, yenye vipimo vya milimita 305 kwa 244, hupokea pia ndogo za micro-ATX na mini-ITX, ilhali kasha dogo halina njia ya kurudi. Vipimo vya kuangaliwa ni urefu wa kadi unaokubalika, ambao ni bora uzidi milimita 330, na kimo cha kipozeo, ambacho ni bora kifike milimita 160. Uso wa mbele uwe na matundu ya kupitisha hewa. Kasha la kioo kitupu mbele hupendeza dirishani na kuzuia pumzi ya mashine. Katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa inayoingia yenyewe ni ya moto, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa ni hitaji la msingi, na chujio la vumbi linalotoka kwa urahisi huokoa kazi ya mwaka mzima.

Kipozeo kizuri cha hewa hudumu kupita prosesa kadhaa. Vipozeo vingi vya AM4 hukaa kwenye AM5 bila kuongezwa kitu, na watengenezaji wengi wa vipozeo huuza vishikizo vya soketi mpya.

Mashine za ofisi za mitumba

Wachezaji wengi Afrika Mashariki huanza na mashine ya ofisi iliyotumika ng'ambo, kwa mfano Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha huiongezea kadi ya grafiki. Njia hii ni nafuu, lakini ina ukuta mbele yake. Nyingi ya mashine hizo zina bodi na pawa saplai za umbo na plagi za kiwandani zisizofuata ATX, na pawa saplai yenyewe huwa ya wati chache. Kadi inayofaa humo ni ile isiyohitaji plagi ya ziada, inayotosheka na wati 75 za sloti, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650. Zaidi ya hapo, kuboresha huwa ni kununua kompyuta nyingine huku kasha tupu likibaki. Anayejua anahitaji gemu nyepesi tu atafaidi. Anayepanga kukua ni bora aanze na kasha na bodi za kiwango cha kawaida hata kama kadi itachelewa.

Mpangilio wa fedha

Bajeti hupangwa kuanzia chini. Kwanza hutengwa fedha ya bodi ya soketi yenye uhai mbele, pawa saplai ya wati 750 ya chapa inayoaminika, na kasha lenye nafasi na hewa. Pili huja GB 32 za RAM katika vijiti viwili na NVMe ya TB 1. Kinachobaki hugawanywa kati ya prosesa ya viini sita na kadi ya grafiki, na kadi hupewa fungu kubwa zaidi. Fedha ikipungua, kinachopunguzwa ni kadi au prosesa, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoondoka kwanza, na zikiondoka huuzwa kwa mtu mwingine na kurudisha sehemu ya gharama.

Kujiandaa nako kuna mpaka. Kununua pawa saplai ya wati 1,200 au bodi ya bei ya juu kabisa kwa ajili ya kadi ambayo huenda isinunuliwe ni kuzika fedha ambayo ingetoa picha nzuri leo. Mpango unaofaa hutazama mabadiliko mawili yanayojulikana: kadi moja mpya na prosesa moja mpya ndani ya soketi ileile. Kompyuta inayoweza kupokea hayo mawili bila kung'olewa bodi, pawa saplai wala kasha imechaguliwa vizuri.